Mama Benchi na Chumba cha Nyuma cha Maktaba

Ndugu, jamaa, majirani na wasomaji, poleni na msiba. Tumekuja kumsindikiza dada yetu, ambaye wengi wenu mlimjua kwa jina la Mama Benchi. Jina hilo hakupewa na wazazi. Alipewa na wasomaji wa maktaba, na alilipenda kuliko lile lililokuwa kwenye vyeti. Wasifu huu umeandikwa na mdogo wake wa kike anayemfuata, na kama kuna mahali umemtania, ni kwa sababu yeye naye alitutania sana.

Marehemu alizaliwa tarehe 9 Aprili 1951 katika nyumba za wafanyakazi wa reli, akiwa mtoto wa kwanza kati ya wanne. Baba alikuwa mwongoza treni na mama alikuwa mshonaji. Nyumba zile zilipangana mlango kwa mlango, na nyuma ya kila mlango kulikuwa na watu waliotoka kwao wakiwa na lugha yao. Mama alikuwa akimtafuta mtoto wake jioni, akimkuta amelala sakafuni kwa jirani, mahali ambapo mama wa nyumba ile alikuwa akimbembeleza mwanawe kwa nyimbo za lugha ya kwao. Mama alizoea kusema, "Huyu haelewi hata neno moja, lakini kumwondoa ni kazi." Tukikumbuka nyumba zile siku hizi, kinachotujia kwanza ni sauti, kabla hata ya sura za watu.

Alisoma shule ya msingi ya karibu na karakana ya treni, kisha sekondari ya wasichana, akamaliza mwaka 1970. Hesabu zilimpiga chenga tangu darasa la kwanza hadi la mwisho, na wala hakuficha. Alichokiweza kilikuwa kusoma. Aliadhibiwa mara nyingi kwa kusoma kitabu cha hadithi chini ya dawati, na mwalimu mkuu alipochoka kumwadhibu akamkabidhi ufunguo wa kabati la vitabu. Mwaka 1971 alijiunga na chuo cha ukutubi, na Januari 1974 akaanza kazi katika maktaba ile ile aliyoistaafia mwaka 2011.

Ndoa yake nayo ilizaliwa humo humo. Mwaka 1976 taa za chumba cha kusomea ziliharibika, akaletwa fundi umeme. Kazi ilikuwa ya asubuhi moja, lakini fundi aliifanya wiki nzima. Kazi ya taa ilipokwisha, akaanza kuazima kitabu cha kilimo cha mboga, akirudisha na kukiazima tena, ilhali alikuwa amepanga chumba ghorofani na hakuwa na hata chungu cha maua. Dada alimwuliza bustani yake iko wapi. Fundi akasema bado anatafuta mtu wa kuilima naye. Walifunga ndoa tarehe 17 Desemba 1977, wakajaliwa mabinti wawili na mvulana mmoja, na bustani wakapanda kweli. Shemeji yetu anatikisa kichwa pale mbele, lakini hakuna uongo hapa.

Sasa tuseme habari ya benchi. Nyuma ya maktaba kulikuwa na chumba chenye dirisha moja pana, na ndani yake rafu ya vitabu vya lugha za watu waliohamia mjini kutoka kila upande. Dada aliikusanya rafu ile kwa miaka mingi, kitabu hiki kutoka kwa msafiri, kile kutoka kwa nyumba ya ibada iliyofungwa. Tatizo lilikuwa kadi. Ili upate kadi ya maktaba ulitakiwa kuonyesha uthibitisho wa mahali unapokaa, na wengi wa wasomaji wale walikaa chumba cha kushirikiana, leo huku, kesho kule, na karatasi za ofisini ziliwatia hofu. Dada aliamini kwamba mgeni njoo, mwenyeji apone. Akaweka benchi refu chini ya dirisha, akawaambia: kaa, soma, ukimaliza kiache hapo hapo, nitakirudisha mwenyewe. Hakuna aliyeulizwa jina.

Walikuja. Alikuja fundi cherehani, ambaye alisoma huku midomo ikicheza. Alikuja mwalimu aliyekuwa akiuza sabuni. Alikuja mama mmoja mzee mwenye shali ya kijivu, aliyekaa mwisho wa benchi karibu na dirisha, akisoma kitabu kimoja tu cha mashairi, na akikimaliza anakianza upya. Hakuzungumza na mtu. Dada alikuwa akimwekea kitabu chake pale asubuhi kabla ya mlango kufunguliwa.

Mwaka 1998 zikaja kompyuta. Kila kitabu kikabandikwa kibandiko cha mistari, na kila kilichoazimwa kikapitishwa mezani. Mwaka uliofuata mkuu wa maktaba alimwita Dada akamwambia, kwa upole kabisa, kwamba kwa mujibu wa mfumo rafu ya chumba cha nyuma imekufa. Haisomwi. Vitabu vifungwe kwenye maboksi vipelekwe ghalani, na chumba kiwe cha mikutano. Dada alirudi nyumbani akashika tama. Alizitukana kompyuta zile kwa wiki nzima, mpaka shemeji akaomba chakula kiliwe kwa amani.

Mtaalamu aliyezifunga kompyuta, msichana mpole mwenye miwani, ndiye aliyemfumbua macho. Alimweleza kwamba mfumo unajua tu kitabu kilichopita mezani, halafu akauliza kama vitabu vya chumba cha nyuma huwa vinapita. Havikuwahi kupita hata siku moja. Yeye ndiye aliyesema viachwe kwenye benchi.

"Nilidhani nawahifadhi," alisema. "Kumbe nimewaficha."

Alimwomba mkuu wake muda hadi mwisho wa Juni. Pamoja na yule mtaalamu wakatengeneza kadi ya benchi: haihitaji uthibitisho wa makazi, msomaji anajiita jina alipendalo, na kitabu kinapita mezani kisha kinasomwa mle mle ndani. Kazi ngumu ilikuwa kuwashawishi wenyewe. Siku ya kwanza benchi zima lilikunja uso. Fundi cherehani akasema kwa niaba ya wote, "Mama, sisi tumekimbia karatasi mpaka tukafika hapa. Leo wewe ndiye unatuletea?"

Dada hakumumunya maneno. Alimwambia, "Zile zilitaka uondoke. Hii inataka ubaki. Usipopita mezani, wataniambia hukuwahi kuwepo."

Fundi akainuka, akaweka kitabu mezani. Alijiandikisha kwa jina la mji alikozaliwa. Wengine wakamfuata mmoja mmoja, wengine baada ya siku kadhaa, na kidole kimoja hakivunji chawa. Juni ilipokwisha, mkuu alitazama tena mfumo wake, akasema maboksi yarudishwe stoo matupu. Chumba kikabaki. Miaka miwili baadaye kiliongezewa rafu.

Lakini mama wa shali ya kijivu aliiona foleni ile ya mezani, akageuka mlangoni, na hakurudi tena. Dada alimtafuta sokoni, hospitalini, kwenye nyumba za ibada, asimpate. Jambo hili lilimuuma hadi mwisho. Watu walipomsifu kwa kuiokoa rafu alikuwa akisema asante, halafu anamtaja. Na kila asubuhi hadi siku anastaafu, kile kitabu cha mashairi kilikuwa mwisho wa benchi, karibu na dirisha.

Mwaka 2019 marehemu aligundulika kuwa na shinikizo la damu, na Novemba 2022 akapata kiharusi. Maneno yakawa mazito, na macho hayakuweza tena kufuata mistari. Kwa mtu kama yeye hilo lilikuwa kufungwa. Hapo ndipo watu wa benchi walipokuja nyumbani, kwa zamu, bila kuitwa. Walimsomea kila mmoja kwa lugha yake. Fundi cherehani, sasa mzee wa mvi, alianza kumweleza maana ya alichokisoma, Dada akamshika mkono.

"Usinitafsirie," alisema taratibu. "Soma tu."

Alifariki nyumbani asubuhi ya Jumanne, tarehe 4 Machi 2025, akisomewa. Tulikuwa tumemzunguka. Tutaikosa sana sauti yake.

Ameacha mume, watoto watatu, wajukuu watano, wadogo zake watatu, na wasomaji ambao hakuna mfumo utakaomaliza kuwahesabu. Benchi lake tumelileta, mnaliona kando ya kaburi. Baada ya wasifu huu wasomaji watakaa, na kila mmoja atasoma ukurasa mmoja kwa lugha yake. Hatutatafsiri, ndivyo alivyoagiza. Aliagiza pia kwamba nafasi ya mwisho iachwe wazi, na kitabu cha mashairi kiko pale. Kama mwenye nafasi yumo miongoni mwetu, au mtoto wake, au mjukuu wake, karibu ukae. Hakuna atakayekuuliza jina.

Nawe Dada, Mungu akufungulie mlango, asikuulize unakaa wapi. Pumzika.