Mara Hii Rabi Naftali Anaondoka Kweli

Baada ya miaka kumi na minne ya utumishi, Rabi Naftali Sobel anastaafu Alhamisi, tarehe 30 Aprili 2026. Wasomaji wa kijarida hiki cha wafanyakazi watakumbuka kwamba habari hii tumeshaitangaza. Tuliitangaza mwaka jana, keki ikaliwa. Tukaitangaza tena Februari, keki ikaliwa, na mwalimu bado yuko hapa Jeddah akizunguka uwanja wa kompaundi mikono nyuma. Safari hii Badriya, mpishi wetu, amekataa kuoka chochote. Anasema, "Mie nikisikia ndege imeruka ndo ntawasha oveni."

Kwa walioajiriwa juzi: rabi ni mwalimu wa dini na kiongozi wa sala wa Wayahudi. Huyu wetu alizaliwa Nakuru, mtoto wa muuza vipuri vya matrekta, na Kiswahili chake ni cha gereji, hakina adabu nyingi lakini kinafika. Ikama yake, yaani kibali cha kuishi huku, inasema ni mshauri wa wafanyakazi, na kazi hiyo ameifanya vizuri. Hata hivyo, waliokuwa wakimsubiri kila mwisho wa wiki ni wahandisi, madaktari na wahasibu wa dini yake, watu wa nchi mbalimbali wanaokutana kusali sebuleni kwa mmoja wao.

Kwa miaka mingi alikuwa wiki moja Riyadh, wiki moja Jeddah. Sabato yao huanza Ijumaa jua likizama, na likishazama hapandi gari wala ndege, kwa hiyo kila Alhamisi ilikuwa mbio. Amewahi kusahau viatu Riyadh akashuka Jeddah na kandambili. Riyadh sasa wana watu wa kutosha na wanajiongoza wenyewe, ndiyo maana tangu mwaka juzi amebaki huku.

Huku ndiko kwenye presha. Zipo sala ambazo Wayahudi hawa hawazisomi mpaka wapatikane wanaume kumi wa dini yao. Jeddah wako kumi, mwalimu akiwemo, na hakuna wa akiba. Mmoja akipiga chafya Jumatano, mwalimu anampelekea tangawizi. Ijumaa jioni hakai chini. Anakwenda dirishani, anarudi, anatengeneza viti vilivyokwisha kutengenezwa, anarudi dirishani. Sisi wa usafi tunajua sehemu ya zulia aliyoimaliza, na kuibadilisha hatutaki.

Jambo moja lilinishangaza nilipoanza kazi. Mtu mwenye wasiwasi wa idadi namna hii hahesabu watu. Kwao ni mwiko kunyooshea watu kidole moja, mbili, tatu. Badala yake anasoma polepole mstari wa sala wenye maneno kumi, kila mtu na neno lake, na neno la mwisho maana yake ni milele. Likipata mwenyewe, sala inaanza. Lisipopata, wanasali zile sala nyingine na kurudi vyumbani wakiwa wanyonge.

Hapo ndipo anapoingia Bonface, dereva wetu, ambaye ameniruhusu kulisimulia hili mradi nisitie chumvi. Mama yake Bonface alipofariki Vihiga, yeye hakuweza kusafiri. Tulikwenda kumpa pole chumbani kwake mtaa wa Bani Malik, tukaimba, tukaomba, kila mtu akasema lake. Rabi Naftali akaingia, akaketi kwenye kindoo kilichogeuzwa, akanyamaza. Tulidhani ameudhika. Kumbe kwao mgeni hamsemeshi mfiwa mpaka mfiwa aanze mwenyewe. Sisi tulipoaga yeye alibaki, na Bonface anasema alipofungua mdomo hatimaye, alizungumza habari za mama yake mpaka akachoka, na mzee hakuinuka. Mtu asiyejua kutulia alitulia siku hiyo.

Tangu hapo Bonface alitafuta namna ya kurudisha wema. Ijumaa moja alitumwa uwanja wa ndege kumpokea mtu wa kumi aliyekuwa kikazi Riyadh. Ndege ikachelewa, jua halikungoja, Bonface akarudi peke yake. Alipowaona wanaume tisa wamenyong'onyea, alitoa kofia ya sufi kwenye droo ya gari, akaivaa, akaenda kusimama mwisho wa mstari, kifua mbele. Mwalimu akaanza maneno yake. Alipofika la kumi akamkuta Bonface, Mkatoliki aliyebatizwa na kupata kipaimara, anamtazama kwa matumaini.

"Nimeona mmepungukiwa na mtu mmoja, nikasema wacha nisaidie," Bonface akaeleza.

"Asante sana, ndugu yangu," mwalimu akamwambia, "lakini hii si harambee."

Walicheka wote, mwalimu akacheka mpaka akafuta macho, kisha akamweleza ule mwiko na sababu ya kutumia maneno. Bonface akasema hata nyanya yake hakukubali watoto wa boma wahesabiwe. Tangu siku hiyo kutafuta Myahudi wa ziada ni kazi yake isiyo na mshahara. Mwezi uliopita alimfuata mzee mmoja mwenye ndevu na kofia nyeusi pale uwanja wa ndege, akamwuliza kwa heshima zote. Alikuwa Mholanzi anayeuza mbegu za nyanya.

Sasa niseme kwa nini keki mbili zililiwa bure. Mama Ruth, mke wa mwalimu, alirudi Nakuru miaka miwili iliyopita kwa sababu macho yake yanafifia. Daktari hakumficha kwamba yatazima. Ombi lake ni moja, mzee arudi wakati bado anaweza kumwona uso. Mwaka jana mwalimu alikuwa amefunga mizigo, akakumbuka kwamba akiondoka watabaki tisa, akafungua mizigo. Februari mizigo ilikuwa tayari ndani ya gari la Bonface simu ilipolia. Lawrence, mhandisi wa mitambo ya maji na mmoja wa wale kumi, amefiwa na baba yake Uingereza. Lawrence aliruka usiku uleule akakuta wameshamzika, maana wao hawachelewi kuzika. Mwana hutakiwa kumsomea baba yake sala iitwayo Kadishi kwa miezi kumi na mmoja, na Kadishi ni mojawapo ya zile zinazodai watu kumi. Mwalimu akateremsha sanduku lake mwenyewe. Alimpigia Mama Ruth mbele yetu, na tulisikia mama yule akisema sawa, neno hilo tu. Nilikasirika, sikumbuki hata nilimkasirikia nani.

Wiki iliyopita Lawrence alikuja ofisini kwa mwalimu na tiketi ya Nairobi mkononi, ya kwenda bila kurudi. Bonface alikuwapo. Anasema Lawrence aliiweka mezani na kumwambia, "Mimi nilimchelewea baba yangu. Wewe usimchelewee mkeo." Mwalimu alianza kutaja Kadishi. Lawrence akamjibu kwamba baba yake alizoea kumsubiri alipokuwa hai, na atasubiri tena. Mwalimu aliketi kitini, na alipoinuka aliichukua tiketi.

Kwa hiyo Ijumaa hii watakusanyika tisa. Lawrence amekubali kushika nafasi ya mbele. Atasoma maneno yale, ataishia la tisa, na "milele" litabaki mdomoni mwake mpaka Bonface amlete mwenye nalo.

Mwalimu, kwa niaba ya wafanyakazi wote, asante kwa kuketi nasi. Bonface ana amri yangu asigeuze gari, simu ilie isilie. Ukifika Nakuru ingia mchana, simama penye mwanga, na utulie, Mama Ruth akutazame mpaka atosheke.

Winfred, msimamizi wa usafi
Jeddah