Makeche Saba ya Yelgamchi

Kijiwe chenyewe ni kitanda kipana cha mbao kilichotandikwa sufu na kuwekwa mbele ya zizi la Hojanepes, pale kijiji kinapoishia na mchanga wa jangwa la Karakumu unapoanza. Wanaokikalia ni walewale wa siku zote, na birika la chai ya kijani haliondoki katikati yao. Kuna Annaberdi, wanayemwita Goti, kwa kuwa goti lake la kushoto hutabiri hali ya hewa, na likikosea yeye huilaumu hewa. Kuna Charyar, dereva mstaafu wa lori, wanayemwita Redio kwa sababu hazimiki. Kuna Mwalimu Taganmurat, aliyefundisha hesabu miaka thelathini na mpaka leo hawezi kuona vitu vitatu asivijumlishe. Na kuna mwenye zizi, Hojanepes, ambaye asubuhi ile hakuwa amegusa chai yake.

Si bure. Lori la kuwachukua farasi wa mbio lilikuwa lifike adhuhuri, na Yelgamchi wake, yaani Mjeledi wa Upepo, alikuwa ana siku ya tatu hajatia shayiri mdomoni.

Na farasi mwenyewe sasa! Wallahi ukimwona siku yake njema, unaweza kusahau ulikokuwa unakwenda. Miguu mirefu, shingo imesimama, manyoya mafupi yanayong'aa kama sufuria ya shaba iliyosuguliwa jana. Ndiye wa mwisho wa mbegu ya farasi wa marehemu baba yake Hojanepes. Lakini asubuhi ile mng'ao wote ulikuwa umefichwa chini ya makeche saba, yale mablanketi mazito ya sufu iliyopigwa na kukanyagwa mpaka ikashikana, na kilichokuwa kinaonekana ni kichwa tu, kimeinama.

— Mpunguzie, — Goti alisema, huku analisugua goti. — Mlozi umeshachanua. Hili goti linaniambia joto linakuja.

— Mpunguzie nini? — Redio akadakia. — Alfajiri ndoo yangu imeshika barafu! Mtie la nane.

— La nane! Huyo farasi au godoro?

— Haba na haba hujaza kibaba, bwana.

— Kibaba cha nini? Cha makeche?

Mwalimu alikohoa, akaweka kibakuli chake chini.

— Mnapayuka bure. Hili jambo lina kanuni. Kiangazi, makeche saba mchana kutwa, jua liunguze sufu lisifike kwenye ngozi. Ndiyo maana farasi wetu hawana mafuta na manyoya yao ni hariri. Baridi kali, saba vilevile, na kofia ya kufunika mpaka shingo. Sawa?

— Sawa.

— Sasa hivi tuko katikati ya baridi na kiangazi. Saba jumlisha saba, gawanya kwa mbili...

— Saba, — alisema Goti.

— Saba! Hesabu haidanganyi!

— Umesomea miaka mingapi kuja kutuambia saba ni saba?

Wakacheka, na Hojanepes alijilazimisha kucheka nao. Moyoni alikuwa anawaka. Kushindwa mbio hakukumtisha, alishawahi kushindwa na akala wali wake vizuri tu. Alichoogopa ni kumpakia mnyama mgonjwa kwenye lori la wazi, safari ya saa sita, kisha ashushiwe mzoga. Asipompakia, jina lililoandikwa litafutwa, na mbio nyingine ni mwakani. Farasi yule alikuwa na umri wa kukimbia mwaka huu.

— Nimewasikiliza nyote, — aliwaambia. — Goti umesema nipunguze asubuhi, nimepunguza mawili ya juu. Redio umesema niongeze usiku, nimeongeza mawili. Mwalimu umesema niyabadilishe nafasi, la sita liwe la tatu na la tatu liwe la sita, nimebadilisha mpaka mgongo unaniuma. Na bado hali.

— Lile la kwanza hukuligusa? — aliuliza Redio kwa wasiwasi.

— La kwanza linaguswa na nani? Tangu alipotoka mazoezini Jumatano, halijaondoka mgongoni.

Wote walitikisa vichwa kwa heshima. Kijiwe kile hugombana kuhusu kila kitu isipokuwa hilo. Baba yake Hojanepes aliacha usia kwamba farasi akishaandikwa mbio, keche la kwanza, lile linalogusa ngozi, halivuliwi mpaka afike uwanjani. Bahati hukaa pale, kati ya sufu na mgongo. Ukilifunua, inaruka.

— Basi shida si idadi, — Redio alisema. — Nilipokuwa jeshini huko kaskazini, niliona farasi amesimama uchi kwenye theluji, manyoya kama dubu, anatafuna majani hana habari. Sisi tumewadekeza hawa.

— Huyo ni farasi wa kuvuta magogo, — Goti alimkatiza. Usimlinganishe na Yelgamchi, utamtia aibu.

— Halafu kuna wazungu. Jamaa mmoja aliyepeleka farasi Ulaya aliniambia kwa mdomo wake. Kule farasi mmoja ana kabati zima. Lake la mvua, halipitishi maji. Lake la nzi, limefumwa kama chandarua. Lake la kukaushia jasho. Lake la safari. Lake la kulalia.

— La kulalia! — Goti alipiga paja. — Na ndala je?

— Cheka tu. Yote yana vifungo mbele na mikanda chini ya tumbo.

— Mimi sicheki, — alisema Mwalimu, na kweli hakuwa anacheka. — Mtu anayemfikiria farasi wake mvua ikinyesha, na jua likiwaka, na akilala, huyo ni mtu wa maana. Ila sisi keche moja hufanya kazi zote hizo. Linazuia jua, linazuia upepo, mvua inateleza juu. Mama zetu waliyawaza haya yote kwa sufu na maji ya moto. Nawavulia kofia.

Akaivua kweli ile kofia yake kubwa ya manyoya ya kondoo, akaonyesha upara, akairudisha.

— Nimepata! — Goti alinyoosha kidole. — Lile la juu kabisa lina sufu ya ngamia. Farasi wa nasaba hii avae ngamia? Amesusa! Hali kwa sababu ya heshima yake.

— Acha wewe!

— Kikulacho ki nguoni mwako! Ngamia huyo!

— Mimi nasema tuyageuze ndani nje, — alisema Redio. — Joto badala ya kuingia, litoke.

— Na tumgeuzie mkia kaskazini, — aliongeza Mwalimu, ambaye sasa hesabu zilikuwa zimemponyoka. — Upepo uingilie nyuma.

— Utokee wapi?

— Nepes, ndugu yangu, usihofu, — Redio alimshika bega. — Kesho kutwa atakimbia mpaka watu wasimame. Wahenga walisema, mbio za sakafuni huishia ukingoni!

— We mwendawazimu! Hiyo ni dua au laana?

Hojanepes hakusikia hata kicheko. Mbali, kwenye barabara ya mlimani, vumbi lilikuwa limeanza kuinuka. Lori.

Hapo ndipo Bagul alipotoka ndani na birika jipya. Bagul ni mkaza mwana wake, mke wa mwanawe Ilmurat anayefanya kazi kwenye visima vya gesi. Ana miezi kumi na minne katika nyumba ile, na kama ilivyo ada, mbele ya baba mkwe huing'ata ncha ya mtandio wake mdomoni, wala hatoi neno. Hojanepes alimjua kwa mkono wake wa chai na mkate wa tanuri. Sauti yake alikuwa ameisikia kupitia ukutani tu, akiimba.

Aliweka birika, akachukua lile tupu, akaondoka. Lakini badala ya kurudi ndani, alikwenda akasimama mbele ya farasi, akawapa wazee mgongo. Akauachia mtandio.

— Ewe Yelgamchi, — alimwambia farasi, kwa sauti iliyofika kitandani bila kupungua hata herufi. — Nakuuliza wewe, maana wewe si mkwe wangu. Huko chini kabisa, mgongoni, ni pakavu au pamelowa?

Goti alilitazama goti lake. Hata Redio alizimika, jambo ambalo mkewe angelipia kuliona. Siku tatu walikuwa wamepima upepo, goti, mlozi na barafu ya ndoo, na hakuna aliyekuwa ametia mkono.

Hojanepes alishuka kitandani bila viatu.

— Nepes, bahati! — Redio alinong'ona.

— Bahati gani, na farasi hali?

Alilegeza mkanda wa tumboni, akapenyeza mkono begani. La juu, kavu. La pili, kavu. Akaendelea kushuka, la tano, la sita, yote makavu na yenye joto zuri. Mkono ulipopita chini ya lile la mwisho, alishtuka kana kwamba ameutia kisimani. Lilikuwa jasho la Jumatano. Lilikuwa limefunikwa kwa heshima zote, likapoa, likabaki hapo siku tatu.

Aliyang'oa yote saba kwa mpigo, yakaanguka chini. Manyoya ya mgongoni yalikuwa yamegandamana, na ngozi ilikuwa inatetemeka.

— Nimemvika farasi wangu maji, — alisema. — Siku tatu! Mimi! Nisamehe, baba yangu, nisamehe.

Haijulikani aliyeombwa radhi alikuwa marehemu au farasi. Wazee wale wakaruka kama vijana. Mmoja ana nyasi kavu, mwingine ana kitambaa, Mwalimu anasugua kwa skafu yake mwenyewe. Wakasugua mpaka shaba ikarudi. Yelgamchi akajitikisa kuanzia masikio hadi mkia, akapiga chafya moja kubwa usoni mwa Redio, kisha akashusha kichwa ndooni. Shayiri ikaanza kusagika.

— Sikiliza, — alisema Goti, macho yamemlowa. — Sikiliza meno hayo. Mashallah.

Walisimama wanamtazama anavyokula, akiwa uchi juani. Kisha lori likapiga honi karibu na mfereji wa kijiji, na wakakumbuka upepo wa safari. Wakarudi kitandani, wakakaa kushauriana.

— Hawezi kwenda uchi, — alisema Mwalimu. — Haya sita ni makavu, lakini ni ya juu, sufu yake ngumu. Yakigusa ngozi yatamchuna. La kwanza lazima liwe jembamba, laini, sufu ya wanakondoo wa vuli.

— Mimi ninalo, — alisema Goti. — Ila paka amezalia.

— La kwangu jipya mno, linawasha, — alisema Redio. — Hata mimi lilinishinda.

Hojanepes alikuwa ameketi ukingoni, anavaa viatu. Aliinua macho. Bagul alikuwa bado amesimama pale kwa farasi, mtandio ameurudisha menoni.

— Yelgamchi, — Hojanepes alianza, — mwambie huyo aliyekuuliza...

Akaacha. Aliona ni upuuzi mtu mzima kuendelea kumtuma farasi.

— Bagul, mwanangu. Umemwokoa huyu, na mimi pia. Kuanzia leo ondoa mtandio huo mdomoni, useme na mimi kama baba yako. Nani ana keche la kufaa?

Neno la kwanza la mkaza mwana kwa baba mkwe husimuliwa miaka, na Redio alikuwa ameshasogeza sikio. Bagul aliutoa mtandio taratibu, akainamisha kichwa kwa adabu.

— Baba, mimi ninalo, nilikuja nalo arusini, — alisema. — Naomba mnyanyuke. Mmelikalia.