Mama Neva na Duka la Kufuli Mbili

Mwalimu Harshida Umakant anastaafu leo, Jumamosi tarehe 29 Juni 1996, baada ya miaka ishirini na tisa ya kufundisha somo la neva katika Chuo chetu cha Tiba ya Viungo, hapa Mchafukoge. Wanafunzi walimpa jina la Mama Neva wakidhani halijui. Alilijua tangu wiki ya kwanza, na alilipenda kuliko cheo chochote alichopewa na uongozi.

Alikuja kazini kwa miguu kutoka Upanga, mwavuli mkononi, jua liwake au mvua inyeshe. Miaka ya uhaba, chaki zilipokosekana, alichora ubongo kwa mkaa kwenye ukuta wa nyuma wa jengo. Mchoro huo bado upo, maana hadi leo hakuna aliyeidhinisha rangi ya kuufunika. Tunalisema hili kwa upendo.

Kilichompa umaarufu, hata hivyo, ni vipokezi vya NMDA. Hivi ni vilango vidogo mno katika seli za neva, na vina kazi kubwa katika kujifunza na kukumbuka. Seli moja inapotaka kupeleka ujumbe kwa jirani yake humwaga kemikali iitwayo glutameti. Glutameti ikifika kwenye kipokezi cha NMDA, njia haipitiki papo hapo, kwa sababu magnesiamu imekaa humo kama kizibo. Mpaka seli inayopokea nayo iwe imeshaamshwa, ndipo kizibo kinatoka, kalsiamu inaingia, na mawasiliano ya seli hizo mbili yanaimarika. Wanafunzi wa mwaka 1992 waliyakariri haya kama kasuku, kisha wakafeli mtihani wote kwa pamoja.

Mwalimu alikasirika, akacheka, kisha akalichukua darasa zima, makoti meupe mwilini, hadi Kariakoo.

Huko kuna duka la vitambaa la Bwana Jaimin na Bwana Abdulla, marafiki walioungana serikali iliporuhusu biashara huria. Geti lao lina kufuli mbili, na kila mmoja ana ufunguo wa kufuli yake tu. Akifika mmoja peke yake, atabaki kuzungumza na geti. Asubuhi hiyo Jaimin alikuwepo na kufuli yake ameshaifungua, lakini Abdulla alikuwa amekwama Buguruni. Mwalimu akawapanga wanafunzi mstari na kuwaambia watazame vizuri: Jaimin ndiye glutameti, amefika na hapati kitu, kufuli ya Abdulla ndiyo magnesiamu.

Alichosahau ni jiji lake. Wapita njia, watu waliozoeshwa na miaka ya uhaba kupanga foleni kwanza na kuuliza baadaye, waliona makoti meupe yamejipanga, nao wakajipanga nyuma. Abdulla alipotokea, mstari ulikuwa umepinda kona. Mama mmoja mwenye vikapu viwili alimuuliza mwanafunzi wetu Vitalis, "Mwanangu, leo wanatoa nini?" Vitalis, ambaye akili yake yote ilikuwa kwenye somo, akamjibu kuwa wanaingiza kalsiamu. Mama akasema yeye atachukua kilo mbili. Mtihani uliofuata hakuna aliyekosa swali la vipokezi.

Miaka miwili baadaye Abdulla alipatwa na kiharusi. Mwalimu alikuwa ametufundisha upande huo pia: damu ikikatika kufika ubongoni, glutameti humwagika kupita kiasi, vilango vile hubaki wazi, kalsiamu hujaa na seli hufa. Kuliona hilo kwa mtu tuliyemfahamu kulituuma. Mkono wake wa kulia ulipooza. Mkewe, Bi Fakhriya, ndiye aliyepeleka ufunguo dukani kila asubuhi, na Abdulla akatangaza kwamba anajitoa kwenye ubia wa duka. Alisema, "Mkono usioweza kugeuza ufunguo wake hauna duka." Jaimin alimsihi bila mafanikio.

Abdulla aliletwa kwenye kliniki ya chuo chetu kwa mazoezi. Huko sisi wahudumu tulizoea kuukunja na kuunyoosha mkono wa mgonjwa huku mwenyewe akitazama dari. Mwalimu alipiga marufuku. Alileta kufuli mezani, akaagiza Abdulla ajaribu mwenyewe, na mimi, niliyekuwa nikimhudumia, nimsaidie palepale anapojaribu, si kabla wala si baada. Juhudi yake na msaada wangu vikutane. Alikiri wazi kwamba hatuna namna ya kuchungulia vipokezi ndani ya kichwa cha Abdulla. Lakini sehemu za ubongo zilizosalimika zilipaswa kujifunza upya, na kujifunza, kwa yote tunayojua, hupitia kwenye vilango hivyo. Abdulla alinirushia ufunguo mara nyingi sana. Hapo mimi nami nilijifunza, kuinama.

Kabla ya Idd, Abdulla alirudi Kariakoo. Jaimin alifungua kufuli yake akasogea pembeni. Ufunguo wa Abdulla uliingia, ukakwama, ukatoka, ukaingia tena. Kisha mkono ukaugeuza. Jaimin aligeukia ukuta akalia mbele ya wateja, nasi makoti meupe tukalia naye bila aibu. Habari ya kujitoa haikusikika tena.

Mwalimu, asante kwa kutukataza kukariri. Asante kwa mkaa, kwa mwavuli, na kwa kutuamini kabla hatujastahili. Nenda ukapumzike Upanga, afya iwe tele na wajukuu wakuchoshe kwa furaha.

Wewe unayesoma haya uko nje ya ukumbi wa sherehe ya kumuaga Mwalimu, na mlango umefungwa kwa kufuli mbili. Jaimin ameshafungua yake. Sasa anakuja Bwana Abdulla na ufunguo katika mkono wa kulia, ambao bado ni mzito, kwa hiyo mpe muda na usimsaidie. Na kama nyuma yako kuna mtu amejipanga bila kujua kinachotolewa, mkaribishe ndani. Leo tunatoa shukrani, na zitawatosha wote.

Josepha Shomari
Idara ya Tiba ya Viungo