Aliyeipiga Honi

Treni ilikaribia stesheni ya Karjat. Nalini alishachoka kumsikiliza mumewe, Vasant, akishindana na abiria mmoja aliyeketi mbele yao juu ya injini moja kuukuu ya dizeli.

"Honi yake naijua hata nikiwa usingizini, bwana!"

"Endelea kuisikia tu, kaka. Siku yake ya mwisho dereva alinipandisha, nikaipiga mwenyewe."

Vasant akabadilika uso. "Wewe? Kwa mkono wako?"

Juzi harusini mwanamume mmoja aliyasifia macho ya Nalini mbele ya Vasant. Vasant akauliza chakula kitapakuliwa lini.

Treni ikasimama kungoja injini za kuisukuma mlimani. Vasant na yule abiria wakaruka chini kwenda kuzitazama, Nalini akaachiwa mikoba.

"Niambie ukweli," sauti ya Vasant ilitetemeka dirishani, "uliipiga mara moja tu?"