Nyumba ya Ndiyo Afande

Wenye kusema salaam aleikum, nimewasalimia. Wenye kusema Bwana asifiwe, nimewasalimia pia. Na wale waliokuja kusikia tu mikopo inatoka lini, tulieni kidogo. Mwenyekiti amenipa nafasi, na sauti yangu mnaijua, hata nje ya ukumbi inafika.

Hapa chamani mnanijua kama mama wa Nabuyonga, yule mwenye mabati mekundu. Wengine hamjui kwamba nilikuwa askari magereza kule Jinja karibu maisha yangu yote ya kazi, na kwamba nyumba ile mnayoiona ni ya pili. Ya kwanza ilianguka pale pale. Nimeombwa niieleze hiyo ya kwanza, kwa sababu humu ndani naona watu wanaoanza kujenga, na wana ile furaha niliyokuwa nayo mimi.

Ndugu zangu, askari analala katika nyumba ya serikali. Watoto wako wanakulia humo, unapanda sukumawiki nyuma ya jiko, unasahau kabisa kwamba si kwako. Halafu siku ya kustaafu unakabidhi sare, na ufunguo unakabidhi pia. Mimi nilikuwa na mama yangu mzee na watoto wawili, baba yao alishatangulia mbele ya haki. Nilikuwa nimewahi kupangiwa kazi huku Mbale nikapapenda, basi nikanunua kiwanja, nikatafuta fundi, nikaanza kujenga huku nikiwa bado kazini Jinja.

Kila mtu aliniambia nijihadhari na mafundi, watakula simiti yangu. Nikacheka. Watakula simiti ya nani? Mimi nimepekua watu miaka nenda rudi, najua mtu anaweza kuficha nini, na anaweza kukificha wapi. Samahani, mashehe na wachungaji mpo, lakini huo ndio ukweli.

Basi kila mwisho wa mwezi nilipanda taksi kutoka Jinja, na nilikuja na sare. Kwa makusudi kabisa. Nikifika saiti, fundi na vibarua wake wanasimama mstari, na hata mama aliyekuwa akiwapikia posho, ugali wao wa mchana, anaacha mwiko anasimama. Nakagua mifuko mitupu ya simiti, nakagua nondo, nakagua misumari. Nauliza msingi uko sawa? Ndiyo afande. Mawe yametosha? Ndiyo afande. Imeeleweka? Ndiyo afande. Narudi Jinja moyo mweupe, najiambia hawa watu wana nidhamu kuliko askari wangu.

Na nawaambia, hakuna hata mfuko mmoja ulioibwa. Hata msumari mmoja. Kwa upande wa wizi nilishinda.

Kumbe kona moja ya kile kiwanja, upande wa bondeni, zamani watu walichimba udongo wa matofali. Lile shimo likabaki, likajazwa takataka na majivu, likaota nyasi, mimi nikauziwa pamoja na kiwanja. Vibarua walipochimba msingi walilikuta. Fundi aliona kwamba pale inabidi kushuka chini zaidi mpaka udongo mgumu, na kuongeza mawe na simiti. Lakini mimi nilikuwa nimeshatangaza mbele ya mstari kwamba mawe ni haya, simiti ni hii, na atakayeniomba ya ziada atanieleza ile ya kwanza ameipeleka wapi. Ungekuwa wewe ungeomba? Akaizimua ile simiti kama chai ya wageni wengi. Akajenga.

Mvua zikaja. Nilikuwa Jinja nafunga vyombo kwenye maboksi, wiki ile ile ya kukabidhi ufunguo, jirani akanipigia simu asubuhi. Akaniambia ukuta wa upande wa bondeni umelala chini, na umevuta mwenzake. Nilimwomba arudie. Akarudia, na mimi nikakaa juu ya boksi la sahani.

Serikali haingoji ukuta. Ufunguo nikaukabidhi, tukahamia chumba kimoja cha kupanga huku Namatala, mimi, mama yangu na watoto. Kiinua mgongo changu nilikuwa nimeshakikopea chote, na kilikuwa chini ya lile rundo la matofali. Nilianza kukaanga mandazi pale mlangoni, mimi niliyezoea kupigiwa saluti, na wateja wangu walikuwa wakinikaripia kwa ajili ya chenji. Nililia, ndugu zangu. Nililia mbele ya watoto, sikuweza hata kujificha, chumba kimoja ungejifichia wapi? Mama yangu alinitazama akasema, angalau hapa hakuna gwaride. Siku hiyo sikucheka.

Nikawa na jambo moja tu moyoni, kumfunga yule fundi. Nilikuwa bado na marafiki polisi. Nikaenda saiti kupiga picha za ushahidi, kwa miguu, na leso yangu na kandambili. Nikamkuta yeye mwenyewe pale, peke yake, anachagua matofali mazima kutoka kwenye rundo anayapanga pembeni. Hakuna aliyekuwa anamlipa. Hakunitambua mpaka niliposema.

Nikamuuliza kwa nini hakuniambia kwamba pale chini ni shimo. Aliendelea kukung'uta tofali, halafu akaliweka.

"Afande, ulikuwa unauliza, au ulikuwa unaamuru?"

Nikasema niliuliza. Kila mwezi niliuliza.

"Uliuliza kwa Kiswahili, na sare umevaa," akasema. "Marehemu baba yangu alitufundisha, mtu wa sare akikuuliza kwa Kiswahili, sema ndiyo, upate kuishi. Mimi nilisema ndiyo. Nyumba yako niliionea huruma, lakini nilisema ndiyo."

Wazee mliomo humu mnaijua miaka ya baba yake, wanajeshi walipotawala na Kiswahili kikawa lugha ya bunduki, siwezi kuwafundisha. Na mimi naijua. Kwetu kaskazini, nikiwa mtoto, mama yangu alikuwa anatusukumia kwenye shamba la mtama akisikia Kiswahili cha sare kinapita barabarani. Tulilala kifudifudi, tunameza kikohozi. Halafu nikakua, nikaivaa sare, nikakisema kile kile, kwa sauti ile ile, kwa mtu anayenijengea nyumba ya kumweka huyo huyo mama. Nilikaa kwenye mawe pale, na sikupiga picha hata moja.

Kisha nikamwambia, baba, sina pesa, nina matofali haya na mikono. Nifanyeje? Nadhani ndilo swali la kwanza nililowahi kumuuliza.

Akanijibu. Akasema ile ramani ya vyumba vinne niisahau, nianze na viwili na baraza, mbali na shimo, na vyumba vingine vije Mungu akipenda. Akasema nisinunue mlango wala bati sasa hivi, ninunue mawe. Na nilipe hatua kwa hatua, msingi ukiisha tuutazame pamoja ndipo tupande. Hapo ndipo nilipoingia chama hiki, na mlichonifanyia nitakisema mwishoni.

Sasa msidhani nilibadilika siku ile ile. Vibarua waliporudi niliwasimamisha mstari, nikawaambia kuanzia leo kila mtu aniambie ubaya wa kazi hii bila kuogopa, imeeleweka? Wakajibu, ndiyo afande. Mnacheka. Hata fundi aligeuka akatazama mlima Wanale, mabega yanamtikisika.

Kilichosaidia ni posho. Niliacha kuwakagua nikakaa nao chini, sufuria katikati, nikala kwa mkono kama wao. Siku za kwanza walikula kimya kama wako msibani. Halafu siku moja yule mama mpishi akasema, mama, haya maharage uliyoleta yana wadudu. Kibarua mmoja akasema hata dirisha lile limekaa vibaya, mvua ya mlimani itaingia moja kwa moja kitandani. Mwingine akasema mchanga wa juzi ulikuwa na udongo. Nilikuwa natafuna tu, machozi yananilenga, nasingizia pilipili. Tuliziba lile dirisha tukalifungua upande wa pili, kazi ya siku chache, na kama tungekuwa bado kwenye mstari, ningejua siku ambayo nimelala nalowa.

Nyumba ikapanda polepole, bati likakaa. Nikawa na haraka ya kuhama Namatala, mama alikuwa anakohoa kwa kile chumba. Sakafu ilikuwa imemwagwa karibuni. Nikaenda nikamwambia fundi kwamba Ijumaa nahamia. Sauti ilinitoka ile ya zamani, niliisikia mwenyewe.

Akafuta mikono kwenye suruali.

"Hapana, mama. Sakafu bado mbichi."

Hapana. Na mama, si afande. Nilirudi Namatala kwa furaha kama nimepewa ufunguo, nikamwambia mama yangu fundi amekataa. Akauliza, amekukatalia wewe? Nikasema ndiyo. Akasema, basi hiyo nyumba itasimama. Tukakaa kile chumba mpaka sakafu ikakauka, na mama sasa analala upande ambao mvua haifiki.

Nawashukuru ninyi, mlionipa zamu ya mkopo kabla ya zamu yangu, na aliyeniachia yake yuko humu, anajua. Namshukuru mama mpishi na maharage yake. Namshukuru fundi, ambaye ningemfunga. Na mnaojenga, simiti ilindeni, sawa, lakini msikilizeni zaidi yule anayewajibu ndiyo kwa kila kitu, mjue anawaogopa, na mmuulize tena mkiwa mmekaa chini.

Nimemaliza. Nasikia wali uko tayari nje. Tukikaa kula, mwenye kunipinga akae karibu na mimi.