Siku Jirani Yangu Alipovunja Ubao

Ndugu zangu, nimeombwa niseme machache kabla ya zawadi kutolewa. Asanteni kwa kiti, lakini nitasimama. Kipaza sauti nitakishika kwa mkono wa kushoto, na mkiniona nimenyamaza kidogo, mjue natafuta neno, sijasahau. Isipokuwa binti yangu, sitamtaja mtu kwa jina, wala kiwanda. Waliokuwepo wanajijua, na mmoja wao yumo humu ndani, amejifunika leso kichwani kana kwamba hapa Kawangware kuna baridi leo.

Huyo ndiye ambaye kamati ya chama chetu imependekeza apewe zawadi yetu ya mwaka huu, ya mtu aliyelinda usalama wa wenzake. Baadhi yenu mmepinga. Mmesema kwamba mtu aliyewahi kusema uongo kuhusu ajali hawezi kupewa zawadi ya usalama. Nawaelewa. Lakini ajali yenyewe ilikuwa yangu, na uongo ulisemwa juu ya mkono wangu. Nisikilizeni kwanza, kisha anayepinga bado asimame.

Nilitoka Kitui nikiwa msichana. Nikaolewa, mume wangu akafariki, nikabaki mtaa wa Laini Saba, huku jijini, katika chumba kimoja pamoja na binti yangu, Mwende. Mlango uliotazamana na wangu ulikuwa wa huyu jirani, mwanamke wa Kitui kama mimi. Kila asubuhi tuliifuata reli kwa miguu hadi viwandani. Tulikuwa vibarua. Wengi wenu mnaijua hali hiyo: unasimama langoni, unachaguliwa au huchaguliwi, na jana yako haihesabiki.

Kiwanda kilitengeneza ndoo na mabeseni. Kazi yetu ilikuwa kulisha mashine tuliyoiita krasha, yenye visu vinavyozunguka, inayosaga plastiki kuukuu iwe chembe. Mdomo wake ulikuwa na kinga ya chuma ili mkono usifike kwenye visu. Lakini vipande vya matangi ya maji ni vikubwa, havikupita, kwa hiyo kinga ilifunguliwa ikaegemezwa ukutani. Ilikaa pale hadi tukaanza kutundika sweta zetu juu yake.

Langoni palikuwa na ubao mkubwa ulioonyesha siku zilizopita bila ajali, na namba ilibadilishwa kila asubuhi. Mwisho wa mwaka wageni walikuja, wakatazama ubao, wakakipa kiwanda tuzo ya usalama katika fremu ya kioo. Namba ikiwa haijarudi kwenye sifuri, kila mmoja wetu, hata kibarua, alipewa blanketi, unga, mafuta ya kupikia na kikombe. Ninyi mnaosafiri kwenda kwetu Ukambani kwa Krismasi mnajua maana ya kushuka kwenye basi na blanketi jipya la mama yako.

Sasa angalieni jinsi jambo zuri linavyogeuka. Mtu akikatwa kidole, alifungwa kitambaa akarudi kazini. Kusema kwamba umeumia kuliitwa kuvunja ubao. Hakuna bosi aliyetukataza kusema. Tulikatazana wenyewe. Aliyevunja ubao hakuchaguliwa langoni kesho yake, na njiani kwenye reli alitembea peke yake.

Mwaka ule wageni walikuwa waje na kamera. Tukagawiwa glavu mpya za kitambaa, kubwa kuliko mikono yetu. Jirani akacheka, akasema leo tumekuwa madaktari. Mimi nikamwendea msimamizi, nikamuuliza kama ningeweza kuivua ya kulia nikiwa kwenye krasha, kwa sababu kitambaa kilikuwa kinaning'inia.

"Mama, vaa," akasema. "Picha haijapigwa."

Nikavaa. Kilichofuata sitakieleza kirefu, kwa kuwa kuna watoto humu. Visu vilinasa ncha ya glavu, na glavu ikauvuta mkono. Kama mkono ungekuwa mtupu, huenda ningeondoka na mkwaruzo tu. Ndugu zangu, niliumizwa na kifaa cha usalama kilicholetwa kwa ajili ya tuzo ya usalama, mbele ya mashine iliyovuliwa kinga yake. Nimelifikiria jambo hilo miaka yote hii na bado linanishinda.

Aliyekimbilia swichi kubwa ukutani ni jirani. Aliyevua leso yake akanifunga juu ya kiwiko, akaikaza kwa magoti, ni yeye. Daktari aliniambia baadaye kwamba bila fundo lile nisingefika hospitali. Naomba mlishike hilo, kwa sababu linalofuata ni baya.

Tulipofika, muuguzi aliuliza nimeumia wapi. Nilikuwa nazimia na kuamka, lakini sauti ya jirani niliisikia vizuri. Alisema, "Kwenye kisiagi cha unga, huko kwetu mtaani." Nilitaka kusema hapana. Ulimi haukuinuka.

Niliamka nikiwa na mkono mmoja. Nilipopata nguvu nilirudi kiwandani kuuliza habari ya fidia. Walinijibu kwa upole, hata chai walinipa. Wakaniambia wamesikitika sana kusikia nimeumia kwenye kisiagi. Nikatoka nje, nikasimama mbele ya ubao. Namba ilikuwa imepanda.

Desemba jirani akabisha mlango wangu. Alikuwa amebeba blanketi, unga, mafuta, na kikombe cheupe.

"Mama Mwende, nimekuletea fungu lako. Nimewaomba wakupe na wewe."

"Fungu la nini?"

"La usalama," akasema, akitazama chini.

Kikombe kilikuwa kimeandikwa "Usalama ni Mimi". Aliweka vitu mezani, akarudi kwake, nikasikia komeo likifungwa. Mngetaka kusikia kwamba nilivitupa nje. Binti yangu alikuwa na njaa. Unga ule tuliupika.

Baada ya hapo mambo yakaporomoka moja baada ya jingine. Nilijaribu kufua nguo za watu. Nilikwenda kukaa na akina mama wanaosubiri vibarua vya kufua kwenye mageti ya matajiri, mkono uliokatika nikiuficha ndani ya leso. Mama mmoja alinichukua. Nikaloweka, nikasugua, lakini shuka halikamuliki kwa mkono mmoja. Nililikanyaga, nikaling'ata kwa meno, nikalizungusha kwenye bomba. Mwenye nyumba akatoka akanikuta na ncha ya shuka lake mdomoni. Hakunitukana. Aliniambia tu niache, atamwita mwingine. Afadhali angenitukana.

Chumba cha Laini Saba kikanishinda. Tukahamia huku Kawangware kwa binamu yangu, tukawa tunalala jikoni kwake, tukisubiri watu wamalize kupika ndipo tutandike. Mwende ndiye aliyenichana nywele, akanifunga viatu, akanifungia vifungo. Asubuhi moja alichelewa shuleni kwa sababu ya zipu yangu. Hakulalamika. Aliniangalia tu jinsi mtu mzima anavyomwangalia mgonjwa.

Mimi ni mtu wa kupanga mambo. Hata shule niliyoikosa niliitafuta mwenyewe kwa vitabu vya kuokoteza, ukurasa kwa ukurasa. Basi siku zile nilianza kupanga jinsi mtoto wangu angeishi bila mimi. Nawaambia wazi kwa sababu najua humu kuna mtu anayepanga hivyo sasa hivi, naye anadhani ni hesabu ya kawaida tu. Nilipanga binamu yupi angemchukua, sweta yake ya shule ingetoka wapi, nani angemweleza mambo ya kike. Nilipanga kwa utulivu. Utulivu ule ndio unaonitisha hadi leo. Nilikuwa nimebakiza kumfundisha kupika maharagwe vizuri, ili asiwe mzigo kwa watu.

Maharagwe yalikuwa jikoni siku jirani alipokuja. Ilikuwa mchana wa siku ya kazi, na kibarua hakosi kazi mchana. Nikajua pana jambo. Alikuwa ametembea kutoka hospitali mpaka Kawangware bila kupumzika, viatu vyeupe kwa vumbi. Hakukaa.

"Mama Mwende," akasema, "nimevunja ubao."

Akanieleza akiwa amesimama mlangoni. Dada mmoja mgeni, aliyewekwa mahali pangu, alikuwa amenaswa mkono na krasha ileile. Kinga ilikuwa bado ukutani. Msimamizi alimwita jirani, akamwambia ampeleke hospitali na aseme kama alivyosema mara ile. Muuguzi akauliza. Jirani akafungua mdomo aseme kisiagi, na neno halikutoka. Akasema ni kiwandani. Akataja mashine. Akataja kinga. Kisha akamwambia muuguzi kwamba kulikuwa na mwingine kabla ya huyu, na kwamba uongo wa mara ile ulikuwa wake.

Sikumkumbatia. Nilimuuliza, "Ni mkono gani?"

"Wa kulia."

Nilikaa kwenye mtungi wa plastiki wa maji nikalia. Sikuwa nimelia tangu hospitali. Nililia kwa sababu ya yule dada nisiyemjua, kwamba sasa ataanza kujifunza mambo ya zipu. Jirani naye akalia, pale mlangoni, hajakaribishwa. Maharagwe yakaungua. Tangu siku ile sikurudi tena kwenye mipango yangu.

Tulikwenda ofisi ya kazi pamoja, tukarudi, tukaenda tena. Kila mara aliulizwa kwa nini alidanganya mwanzo, na kila mara alijibu bila kujitetea: "Niliogopa wenzangu. Nilitaka blanketi la mama." Nilikuwa nikimtazama mdomo. Kusema jambo kama hilo mbele ya watu wa ofisi, na mimi nimeketi kando yake na mkono wangu ulivyo, si kazi ndogo.

Yeye alilipia jambo hilo zaidi ya mnavyojua. Hakuchaguliwa tena langoni, si pale tu, hata kwenye viwanda vya karibu. Kule kwenye reli walimwita Mama Ukweli. "Mama Ukweli, leo umevunja nini?" Mwingine alimpigia kelele kwamba amekula blanketi za watoto wao. Yule aliyepiga kelele alikuwa rafiki yake wa kanisa. Mwaka huo alikwenda kwao Kitui mikono mitupu.

Lakini wakaguzi walifika kiwandani. Kinga ikarudishwa kwenye krasha, ikafungwa kwa bolti. Nasikia fremu ya kioo iliondolewa ukutani, ingawa sikuiona kwa macho yangu. Yule dada alipata fidia yake. Yangu ilichelewa sana, lakini ilifika, na ndiyo iliyotupatia chumba tunachoishi sasa. Mwende anajua kupika maharagwe, na mimi ndiye ninayemchana nywele. Kwa mkono mmoja, ndiyo. Hazinyooki sana.

Ndipo sisi wawili tukaanza kuzunguka karakana za jua kali za mafundi wadogo, Laini Saba, Makina, na huku Kawangware. Tunatazama mashine, tunauliza kinga iko wapi. Mwanzoni mafundi walitufukuza. Mmoja wa Makina, mchomeleaji mzee, alituambia kwamba kwake hakuna ajali hata moja. Jirani akamjibu, "Baba, hata kwetu ubao ulisema hivyo." Mzee akatuonyesha jicho la mtoto wake, lililopofuliwa na cheche pale pale. Leo karakana yake ndiyo inayopokea zawadi ya karakana, na hakuna aliyeipinga.

Ndugu zangu, chama chetu kilipoanza kutoa zawadi hizi, tuliamua tusiulize ni nani hajapata ajali. Tunauliza ni nani aliyesema mapema, ili mwingine asiumie. Sasa niambieni, tutampata wapi aliyesema kwa gharama kubwa kuliko huyu? Mnasema alidanganya. Alidanganya, na mkono ulikuwa wangu. Alipopewa nafasi ya kudanganya mara ya pili, akakataa, na mikono iliyopona baada ya hapo hatuwezi kuiona kwa sababu wenyewe wanaitumia kupiga makofi huko nyumbani kwao.

Nawashukuru binamu yangu aliyetuachia jiko lake, muuguzi aliyeandika kila alichoambiwa, na ninyi wote mlionipokea hapa nikiwa sisemi na mtu. Namshukuru Mungu aliyemleta mtu mlangoni pangu mchana ule. Na wewe unayepanga mambo kimya kimya, tafadhali usitoke humu kabla hujaniona. Nitakuwa pale karibu na dirisha.

Funzo langu ni hili. Kazini kwako, mtu akiumia, angalia wenzake wanamtazama wapi. Wakitazama jeraha, mahali hapo patapona. Wakitazama ubao, ondoa mkono wako mapema.

Zawadi yenyewe mnaiona hapa mezani. Ni kikombe. Wengine wenu mlishangaa kwa nini niliomba kiwe kikombe. Ni kile kile cheupe, nilikihifadhi, nikampelekea fundi afute maandishi yale na aandike jina la mtu.

Sijaona aliyesimama. Jirani, njoo. Nimeshawaambia watu sitataja jina, kwa hiyo utalisoma mwenyewe. Nakupa kwa mkono wa kushoto, unajua sina mwingine. Na wewe pokea kwa kushoto, tulingane.