Fundi Venance na Gitaa la Msafiri

Baba paroko, ndugu na jamaa, majirani zetu wa Wazo, mafundi wenzake wa Kinondoni, na wageni wetu wa Temeke mliokuja na saumu zenu juani, familia imempa shemeji wa marehemu, Deogratias, kazi ya kuwasomea maisha yake, naye ameipokea kwa sharti moja tu, kwamba hataruka pale ambapo baadhi ya wanafamilia walishauri parukwe.

Marehemu Venance Mgaya alizaliwa tarehe 14 Juni 1952 katika kijiji cha Uwemba, Njombe, akiwa mtoto wa nne wa mzee Lusungu Mgaya na mama Yuliana, wakulima wa viazi na ulezi, na mama yake alipenda kusimulia kwamba mtoto huyu alichelewa kusema lakini hakuchelewa kusikia, kwani alikuwa akikaa ukingoni mwa bonde watu wakiitana kutoka ng'ambo, akamtaja anayeita kabla wakubwa hawajamtambua.

Alisoma shule ya msingi ya misheni kuanzia mwaka 1960 hadi 1967, akaendelea na sekondari hadi mwaka 1971, kisha akaja Dar es Salaam kujifunza ufundi wa simu, na tarehe 1 Februari 1974 akaajiriwa katika shirika la umma, akifunga na kutengeneza simu za mezani katika ofisi na nyumba za Kinondoni, Temeke na kwingineko, kazi aliyoifanya hadi alipopunguzwa pamoja na wenzake tarehe 31 Mei 1996. Baada ya hapo alifungua kibanda chake Kinondoni, akitengeneza redio, amplifaya na magitaa ya kwaya, na mafundi waliopo hapa ni mashahidi kwamba alikuwa mbishi, ukimwambia kitu hiki hakitengenezeki umemchokoza, na kwamba hakuwahi kumkabidhi mtu kazi isiyo yake, hata uje na barua ya mkuu wa mkoa, kwani alikuwa akisema kifaa kina mwenyewe, na mwenyewe ana mikono.

Tarehe 8 Novemba 1980 alifunga ndoa na dada yetu Editha, na kwa kuwa msomaji ni shemeji, anaomba aruhusiwe kusema kwamba mposaji huyu alikuja nyumbani kwetu na redio ya mkwe aliyokuwa ameitengeneza, akaiwasha, na alipoona mkwe bado anasitasita akaizima na kuanza kuifunga kwenye khanga, ndipo jibu likapatikana. Walijaliwa watoto watatu, Benedicta, Polikarpo na Lusungu, na mwaka 2003 wakahamia hapa Wazo, katika nyumba hii tuliyokaa.

Sasa tumefika pale palipotakiwa parukwe.

Tarehe 6 Machi 2017 bwana Sadallah, mfanyabiashara wa Temeke ambaye leo yupo nasi, alifika kibandani Kinondoni na bajaji, akashusha kitu kilichofunikwa gunia, akasema, "Shikamoo mzee, nimekuletea cherehani ya kizungu, ilikuwa stoo kwa shangazi, inatujazia nafasi tu." Kilikuwa na miguu minne na pedali tatu chini, kwa hiyo hatumlaumu, lakini hakikuwa cherehani, kilikuwa gitaa, gitaa lile la kulazwa kama meza, mpigaji akaketi mbele yake, akatelezesha kipande cha chuma juu ya nyuzi kwa mkono wa kushoto, na kila akikanyaga pedali, vyuma vilivyopita chini ya ubao vinavuta uzi na sauti inapanda yenyewe bila kukatika. Fundi Venance alikuwa amelisikia redioni miaka ya ujana wake, hakuwahi kuliona, na Editha anasema siku hiyo alirudi nyumbani akasahau kula.

Lilikuwa limeoza kwa kutu ya Pwani, vyuma vya chini vimeshikana, sumaku ya kunasia sauti imekufa, nyuzi kumi zimebaki tisa, uzi wa tatu haupo, na pedali ya katikati ilikuwa imelika upande mmoja tu, kama kiatu cha mtu anayechechemea. Hakuwa hata amekwisha kulisafisha, siku moja alasiri akiwa analehemu waya wa kitu kingine, pale pedali ile iliposhuka polepole, ikakaa chini, na sauti moja ikapanda, nyembamba, ndefu, halafu pedali ikarudi juu. Hakuna waya uliokuwa umechomekwa kwenye umeme, na sikio lile la Uwemba lilimwambia jambo ambalo hakumwambia mtu kwa muda mrefu, kwamba sauti aliyoisikia ni ya uzi wa tatu, uzi ambao haukuwepo.

Kwa kuwa alikuwa mbishi, alisema ni malori ya barabarani yanatikisa kibanda, akalihamishia hapa Wazo, na lilipofanya vilevile alasiri akasema ni baruti ya machimbo ya saruji, ikaja Jumapili ambayo baruti haikulia na pedali ikashuka vilevile. Editha, ambaye hajawahi kushindwa na chombo cha ndani ya nyumba yake, alikingamiza mchi wa kinu chini ya pedali ile, na kesho yake alasiri sauti ikapanda kama kawaida, akaenda kuutafuta mchi, akaukuta jikoni, umeoshwa, umeegemezwa ukutani pale pale anapouegemezaga yeye. Katekista aliitwa, akasali sala nzuri, gitaa likatulia kwa adabu mpaka alipomaliza chai na kuondoka.

Ndipo marehemu akampigia simu bwana Sadallah kuuliza mwenyewe ni nani, akajibiwa kwamba ni la baba mdogo Twalib, alishakufa zamani. Mtu aliyelelewa Njombe akisikia habari ya msiba, hata uwe wa zamani, akawa hajahani, anajiona mdeni wa adabu, kwa hiyo tarehe 22 Aprili 2017 alivaa koti, akaandaa bahasha ya rambirambi, akaenda Temeke nyumbani kwa Bi Mwanaheri, dada yake Twalib, ndiye yule shangazi mwenye stoo, akakaribishwa, akaketi, akatoa pole kwa heshima zote.

"Pole ya nini?" Bi Mwanaheri akauliza. "Kwani kafa nani?"

Akasema, marehemu kaka yako, Twalib. Bi Mwanaheri akainuka, akaichukua ile bahasha kwa ncha za vidole, akamrudishia mfukoni mwa koti, akasema, "Twalib kasafiri. Nyumba hii haijakaa tanga lake, wala wewe hutakuwa wa kwanza kuliweka."

Bi Mwanaheri yupo hapa na ametuambia tuseme. Kaka yake aliaga asubuhi ya tarehe 3 Septemba 1979 kwamba anakwenda kutafuta uzi wa gitaa uliokatika, akaomba wasile chakula cha mchana bila yeye, na hakuna aliyemwona tena, wakatafuta hospitali, polisi na kwa marafiki, hakupatikana akiwa hai wala maiti, wazee wakashauri aswaliwe kwa ghaibu, yaani bila maiti, dada mtu akakataa, wazazi wakafa wakiangalia mlango. Siku ile ya bahasha aliuliza gitaa la kaka yake liko wapi, akafungua stoo akakuta peupe, na yaliyompata bwana Sadallah jioni ile anayajua mwenyewe. Marehemu aliomba radhi, akaahidi kulirudisha kesho yake, lakini Bi Mwanaheri akasema, "Usiniletee bovu. Litengeneze, ukimaliza mpe mwenyewe mkononi. Ila uzi usiweke, uzi kaufuata yeye."

Marehemu akasema sawa. Neno hilo moja ndilo lililomlaza na kumwamsha mpaka mwisho wa maisha yake, kwani alikuwa amepokea kazi ya mtu asiyejulikana aliko, na ahadi ya fundi kwake haikuwa ya mdomo.

Alilitengeneza kwa miaka, hakuna anayeweza kusema alilipua kazi. Ubao aliuondoa ukungu na masizi kwa mafuta ya taa na mswaki, vyuma vilivyooza akaviweka vipya kwa spoki za baiskeli alizozinyoosha moja moja, sumaku akaizungushia upya waya mwembamba kuliko unywele alioutoa kwenye simu za mezani za enzi zake, ile pedali iliyolika akakataa kuisawazisha, akisema huo ni mguu wa mwenyewe, akirudi asipoteze njia. Lilipopona alijifunza kulipiga polepole, kwa nyuzi tisa, akisema ni chombo pekee alichokutana nacho ambacho hakigongi sauti bali kinaifuata, na majirani mtakumbuka Jumapili zile mlivyokuwa mnaleta viti vyenu wenyewe hapa uani. Lakini ikikaribia saa tisa alasiri aliacha kupiga, akasogeza stuli nyuma, akampisha mwenye zamu, na sisi wengine tukapata shughuli za ghafla nje ya geti.

Bi Mwanaheri alizoea kuja, akaketi, akaisikia ile sauti moja ikipanda na kushuka, akasema, "Si mnamsikia? Mtu aliyekufa anakanyaga hivyo?" na kwa kweli sisi hatujui mtu aliyekufa anakanyagaje.

Mwezi Novemba 2023 marehemu alianza kusumbuliwa na moyo, akavimba miguu, akalazwa na kuruhusiwa mara kadhaa, na kadiri nguvu zilivyopungua hofu yake ilikuwa moja tu, si kifo, bali kufa na mali ya mtu ndani ya nyumba. Kila alasiri aliagiza geti liachwe wazi, akamwuliza Editha kama kuna mgeni anayechechemea. Mwezi uliopita alimwita Bi Mwanaheri kitandani, akamwomba amfungue na neno lake, alichukue gitaa kwa niaba ya kaka yake, apumzike, na yule mama alilia, akamshika mkono, akakataa, akasema, "Nikikufungua wewe, nimemzika yeye." Hatukumlaumu siku ile wala hatumlaumu leo, lakini tuseme ukweli, iliuma, kwa sababu tulimwona ndugu yetu akigeukia ukutani.

Tarehe 8 Machi 2025 hali ilibadilika, akapelekwa hospitali. Jumanne tarehe 11 Machi Bi Mwanaheri alikuja hapa kuulizia hali yake, akakaa sebuleni na Editha na majirani wawili, ambao wako tayari kuulizwa, na saa tisa na nusu alasiri pedali ya katikati ikashuka, ikafuata ya kushoto, ikafuata ya kulia, na badala ya ile sauti moja tuliyoizoea ukapigwa wimbo mzima, taratibu, bila kukosea, wimbo ambao wanne wale hawakuujua isipokuwa mmoja, kwani Bi Mwanaheri anasema kaka yake alikuwa akimpigia mama yao anaposuka ukili wa mikeka. Ulipokwisha pedali zilirudi juu zote kwa pamoja.

Saa hiyo hiyo Benedicta alikuwa pembeni ya kitanda cha baba yake hospitalini, na amekubali tuyasome haya ingawa hawezi kuyasema mwenyewe. Baba yake, ambaye tangu asubuhi alikuwa hawezi kushika hata kikombe, aliinua mikono yote miwili viganja juu, kama mtu aliyebeba kitu kizito chenye miguu, akaisogeza mbele polepole, akangoja, kisha akaishusha ikiwa mitupu, akasema, "Haya kaka, kiangalie kama kiko sawa," akatabasamu kama anayesikiliza jibu, akakata roho.

Simu ilipopigwa hapa nyumbani Bi Mwanaheri hakungoja kuambiwa. Aliomba maji, akanawa uso, hakuyanywa kwa kuwa amefunga, akashuka kutoka kwenye kochi, akaketi mkekani, akanyoosha miguu kama wanavyoketi wafiwa, akasema, "Kakabidhiwa. Nipeni pole yangu sasa." Editha, aliyekuwa amefiwa dakika ile ile, ndiye aliyempa ya kwanza. Tangu alasiri ile pedali haijashuka tena.

Jana baada ya swala ya Ijumaa Twalib ameswaliwa kwa ghaibu Temeke, na kwa ombi la dada yake, na kwa kuwa hakuna aliyewahi kusimama mbele za watu akayasema maisha yake, familia ya Mgaya inayasoma hapa.

Marehemu Twalib alizaliwa Temeke tarehe 19 Aprili 1944, akasoma madrasa na shule hapo hapo, akavunjika mguu wa kushoto akicheza mpira akabaki akichechemea, akafanya kazi ya ukarani bandarini mchana na kupiga muziki hotelini jioni, ambako mgeni mmoja aliyekuwa akirejea kwao alimwachia gitaa lake. Alikuwa amechumbia, hakujaliwa kuoa. Alitoka nyumbani tarehe 3 Septemba 1979, na kwa kauli ya dada yake, ambayo sisi hatuna ya kuipinga, amefariki tarehe 11 Machi 2025, saa tisa na nusu alasiri, akiwa na fundi wake.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi waliohangaika na moyo uliochoka, majirani wa Wazo kwa maji, viti na usingizi wenu, mafundi wa Kinondoni mliofunga vibanda vyenu leo, na nyie wa Temeke, ambao tulidhani mmekuja kutuhani kumbe tumefiwa pamoja.

Shemeji Venance, deni limekwisha. Kaka Twalib, hatukuwahi kukuona, lakini tulikusikia. Pumzikeni kwa amani, wote wawili.